Upana wa Mtaro

Kila Alhamisi, saa nne kasorobo,
Douwe Reitsema hupangusa viatu mara tatu kwenye mkeka,
kisha hunisogelea dirishani na swali lake kwenye kijikaratasi.
La kwanza: "Mtaro wa kaskazini, pale Ternsluis,
Mei ya mwaka wa arobaini. Upana wake mita ngapi?"
Nilimtazama. Fundi wa piano, kucha safi, miaka sabini na kitu.
Nikasema, mtaro ni mtaro, bwana.
Akasema, hapana. Mita mbili mtu huruka.
Mita tatu mtu hufa akiwa bado anafikiri.

Ana meza sebuleni, ndivyo alivyonieleza,
meza ambayo haijaonja mchuzi tangu mkewe aondoke.
Juu yake kuna nchi nzima ya sponji na gundi
na askari wa risasi. Risasi ya madini, akawahi kusema,
ile inayoyeyuka, si ile inayoyeyusha.
Dadu huamua nani anaanguka.
Lakini dadu haijui mahali wala majira;
sharti mtu aisomeshe kwanza.

Basi nikawa mwalimu wa dadu.
Nilishuka stoo, kwenye baridi na harufu ya ngozi kuukuu.
Shajara ya kikosi ilidanganya:
iliandikwa mwezi mzima baadaye,
kila saa imenyooka, hakuna aliyekimbia.
Ramani ya jeshi ilionyesha miti
iliyokwisha kuwa kuni miaka saba kabla.

Ukweli ulikaa kwa wasiojua kuwa wanatoa ushahidi.
Daftari la kiwanda cha maziwa:
"Ukungu mzito. Mikokoteni imechelewa hadi saa tatu."
(Douwe akaandika: kuona, hatua arobaini.)
Barua ya mkulima akigombana na bima:
ngano yake ilikuwa imefika gotini,
gotini kwa mtu mrefu, akaongeza, maana alitaka alipwe zaidi.
(Aliyelala haonekani. Aliyepiga magoti, kofia tu.)
Na picha ya harusi juu ya daraja,
bi harusi Sjoukje kafumba macho kwa upepo.
Hatukumtazama. Tulihesabu matofali nyuma ya shela lake
kwa kioo cha kukuzia, tukazidisha, tukapata urefu wa ukingo.
Nilimwomba radhi kimoyomoyo.

Mtaro: mita mbili na nusu.
Douwe aliinamisha kichwa
kama anayesikia waya ukikaa kwenye sauti yake.

Kisha likaja daftari la ushuru la mlinzi wa daraja.
Ukurasa wa mwisho, wino umemwagika, mstari mmoja:
"Mwanamke, baiskeli, kuku wawili kapuni. Hakulipa."
Hakuna saa. Hakuna jina.
Haikuandikwa kama alikuwa akienda au akirudi.

"Sina kanuni ya huyu," alisema,
akavaa koti kabla ya wakati wake.

Alhamisi mbili hakuja.
Ya tatu: viatu, mkeka, mara tatu.
Akatoa mfukoni kisanduku cha kiberiti,
ndani yake baiskeli aliyoisuka kwa waya wa piano,
magurudumu yakizunguka ukiyapulizia.
Nyumbani kwake, alisema, vita vimesimama.
Pande zote zinangoja kwenye ukungu wa pamba,
na hatatupa dadu mpaka ajue anavukia upande gani.

Kisha kijikaratasi:
"Kuku. Walikuwa wa rangi gani?"

Nikachukua funguo za stoo.