Kumbuka Jibu Hili

Wanauita ukuta wa moto.
Nilicheka. Nimezaliwa Moshi, nimeolewa Moshi,
na paa la jiko langu ni jeusi tii.
Wahenga walisema pafukapo moshi pana moto,
hawakusema pana ukuta.

Kompyuta ni ya Aminiel. Aliinunua
ofisi moja ya kahawa ilipofunga milango;
juu ya boksi lake bado kuna mduara
wa kikombe cha mtu nisiyemjua.
Sasa inatunza hesabu za kikoba chetu cha Kiboriloni,
wanawake thelathini na mmoja,
nani kakopa, nani anajificha,
na siri za watu, jamani, si mahindi
ya kuanika uani.

"Weka kinga, shangazi," akasema Ndeshi,
"zipo za bure."
Bure. Neno hilo nalijua tangu soko la Mbuyuni:
kipande cha kuonja ni bure,
mkungu ndio unaokutoa machozi.

Ya kwanza ilimeza bando la wiki nzima,
ikajibanza kwenye kona ya skrini, nyekundu,
ikawa inapiga yowe kila robo saa:
Uko hatarini! Lipia upate ulinzi kamili!
Mlinzi gani huyu
anayemtisha mwenye nyumba kuliko mwizi mwenyewe?
Tukamfukuza. Akagoma kuondoka
mpaka tulipozima na kuwasha mara mbili.

Ya pili ilikuwa kimya. Kimya kabisa.
Kangao kadogo ka kijani, basi,
na hatukujua kama inalinda au imelala
kama yule mlinzi wa benki
ambaye kofia imemshuka hadi puani.

Ya tatu haikuwa na mapambo.
Ilikuja na swali tu:
Programu hii inataka kutoka. Ruhusu? Kataa?

Kutoka?
Siku zote nilidhani mlango ni kwa ajili ya anayeingia.
Nikakumbuka masale ya baba kule Uru:
hayazuii mbuzi wala mtoto,
unapita katikati yake bila kuchanika,
lakini kila apitaye, akiingia, akitoka,
anajua kwamba amevuka.
Hii hii, nikamwambia Ndeshi. Iache.

Wiki ya kwanza ilinichosha kwa hodi zake.
Saa inataka kwenda kuuliza saa. Ruhusu.
Mchezo wa karata, ambao hakuna anayeucheza,
unataka kwenda nchi nisiyoweza hata kuitamka.
Kataa, tena ukae chini.
Mashine ya kuchapa, iliyokufa mwaka juzi,
inatafuta wino. Kataa. Pole.

Kisha Alhamisi moja, saa tatu usiku,
umeme ndio kwanza umerudi, chai haijapoa:
Barua za Aminiel. Inataka kutoka.
Ruhusu? Kataa?

Miaka miwili.
Kila usiku, saa aliyoipanga mwenyewe,
programu yake imekuwa ikitoka kimyakimya
kwenda kuuliza kama kuna aliyemwandikia,
na mimi niko chumba cha pili, nakunja nguo.

Ndeshi alishanielekeza: hapo chini kuna kisanduku,
kitie tiki, Kumbuka jibu hili,
haitakusumbua tena.

Najua kilipo.
Fedha za akina mama zimefungiwa vizuri,
karata zimenuna huko ndani.
Ikikaribia saa tatu navuta kiti,
nasubiri ibishe,
nabonyeza: Ruhusu, mara hii tu.
Kisanduku nakiacha kitupu.