Jouli Saba

Kwanza walinifunika macho kwa vikombe vya chuma.
Gizani nikaisikia mashine ikikoroma kama friji kuukuu,
na Daktari Prydderch akisoma namba
kama anayehesabu chenji ya mtu mwingine:
jouli saba, milisekunde sita,
duara la milimita kumi.
"Tuanze polepole, Eluned. Uso hauna spea."

Baridi ikapulizwa, fyuu,
kisha mpira wa kufungia noti ukanichapa shavuni.
Harufu ya unywele uliobabuka.
Mara sitini na moja, nilihesabu;
kuhesabu ndiyo kazi yangu, mlango kwa mlango.

Mimi mpeleka barua, Tregaron.
Miaka ishirini na mitatu upepo wa Wales
unanisalimu usoni kabla ya watu.
Waliniona mwekundu, wakanusa pombe nisiyoinywa.
Kanisani, mzee Idwal alinichagulia kikombe kisichojaa.
Bi Angharad wa namba tisa
alipokea bahasha kwa ncha za vidole,
akivuta pumzi yangu apate ushahidi.

Awamu ya kwanza: joto la siku mbili, basi.
Ya pili: macho yakaumuka kama maandazi,
nikalala nimeketi, barafu kwenye soksi.
Ya tatu nikamwambia, ongeza.
Akanitazama kitambo.
Akaongeza: nane na nusu, mpigo mfupi.

Kulipokucha nilikuwa na mihuri ya posta uso mzima,
duara juu ya duara, zambarau,
nimegongwa, nimelipiwa,
sijui natumwa wapi.

Siku kumi na mbili. Barua hazingoji ngozi,
nikatoka hivyo hivyo.
Namba tisa, Bi Angharad hakunusa kitu.
Alinishika mkono, akatazama nyuma yangu barabarani,
akanitia kiganjani ufunguo.
"Saa yoyote," alinong'ona. "Gwilym hatajua."

Gwilym! Ambaye panya akinaswa mtegoni huniita mimi.
Nilifungua mdomo nieleze jouli.
Ukatoka mvuke tu.

Sasa mashavu yametulia.
Kando ya pua pamebaki alama nyeupe, upana wa kucha;
daktari anasema huenda ikajaa, huenda isijaae.
Gwilym analalamika hajui tena nikikasirika,
zamani alinisoma tangu mlangoni.

Ufunguo bado umo mkobani, chini ya barua.
Kila asubuhi napita namba tisa
nikiwa nimejiandaa kuurudisha,
naye hunifungulia kabla sijabisha,
ananitazama usoni, shavu moja, kisha la pili,
anapumua.