Pilipili Manga

Cressida ya themanini na tisa, rangi ya halua,
imeletwa Wadi Kabir mgongoni mwa lori,
pua chini, kama mtu aliyekatazwa kusema.
Bi Zuwena kashika ufunguo kwa ncha ya mtandio.
"Imechemkia mlima wa Amerat, nusu njia.
Nikatia maji, ikanywa. Nikatia tena, ikanywa.
Ngamia naye ana kiasi, hii haina."

Sikufungua kitu. Niliinama kwanza
kutazama chini: saruji kavu, hata tone.
Maji yasiyomwagika nje yanamwagika ndani,
hilo nililijua kabla sijajua kunyoa ndevu.

Nikazungusha kifuniko cha oili.
Kwa chini kimeganda uji,
rangi ileile ya chai ya karaki ya pale kona.
Plagi ya tatu na ya nne zimetoka nyeupe, zimekoshwa,
na usafi ndani ya injini si habari njema.
Biju akapiga stata, rejeta ikiwa wazi:
po, po, viputo vinapanda,
na nyuma moshi mweupe, mtamutamu,
unanata kooni.

"Gasketi ya hedi."
"Ni dude kubwa?"
"Jembamba kama mkate wa rakhali.
Lenyewe riali kumi na mbili. Kulifikia ndiko shughuli."

Harith, mwanawe, kapiga simu toka Sohar:
uza, mama, wa vyuma chakavu watatoa mia na themanini.
Akamjibu huku ananitazama mimi:
"Gari ya Mahfudh haiuzwi kwa kilo."

Asubuhi yake, kabla jua halijaifanya spana isishikike,
tukalegeza boliti kumi na nne,
tukianzia nje kurudi ndani, robo, robo,
kila moja na kilio chake.
Hedi ikanyanyuka shingo upande.
Baina ya tatu na nne gasketi imeliwa,
mstari mweusi, mwembamba, wa wanja:
moto ulikuwa ukichungulia kwa jirani.
Nikalaza rula ya chuma, nikafumba jicho moja.
Mwanga ukapenya katikati, unene wa unywele.
Imepinda. Itakwenda Ghala kwa msagaji.

Ila kwenye vijia vya maji palikuwa na punje.
Nikadhani kutu. Nikaiponda moja kwa kucha,
nikapiga chafya.

Dawa ya madereva wa zamani:
kijiko cha pilipili manga ndani ya rejeta,
ivimbe, ijibane ufani,
isogeze siku.

Nikamwita, nikamtilia kiganjani.
Akanusa.
"Miaka minne," akasema, "miaka minne
nagombana na kijana wa duka Mutrah
kwamba ananipunja pilipili."
Akacheka mpaka akakalia tairi.
Kisha akawa hacheki.
"Hakutaka nijue kama inakufa."
Biju akamgeuzia feni.
"Gari," akaongeza,
na hakuna aliyeuliza.

Siku sita baadaye hedi imerudi, uso wake kioo.
Gasketi kavu, boliti mpya zilizopakwa oili,
safari hii toka katikati kwenda nje,
mizunguko mitatu, sindano ya spana ikisema kiasi,
na wa mwisho nikaongeza kidogo, maana kitabu
kiliandikwa na watu wasioujua Agosti wa Maskati.
Punje nilizokwangua akazitaka.
Nikampa ndani ya kasha la gasketi.

Tukaupanda mlima, yeye usukani, mimi kushoto kwake —
hapana, kulia; huku kila kitu upande wa pili,
miaka thelathini na bado nakosea.
Mshale ukapanda hadi nusu, ukakaa.
Juu kabisa akaegesha.
"Zima kila kitu, nisikilize."
Tukasikiliza. Tik. Tik. Kimya. Tik.
"Anasema nini?"
"Chuma hicho, Bi Zuwena. Kinapoa."
Hakuniamini. Akabaki ameinamia usukani,
sikio moja mbele.