Aliyeshika Waya

Televisheni ya Bi Swafiya, pale Kuze,
ilikuwa na milango miwili ya mbao na kufuli,
kama kabati la vyombo vya wageni.
Ufunguo aliufunga kwenye pindo la leso,
na kila Jumatano, baada ya Isha,
akalifungua fundo lile taratibu,
nasi tumeketi mkekani, midomo myekundu kwa mabuyu,
tukimtazama vidole.

Kisha lazima mtu apande juu.
Mtu huyo siku zote alikuwa Famau,
kwa kuwa alikuwa mrefu,
na kwa kuwa hakujua kukataa.
Alisimama penye bati, mkono umeshika waya wa antena.
Akipiga chafya,
waigizaji wote walinyeshewa chenga.

Kichekesho chenyewe? Bwana Hesabu,
mpangaji, na deni lake la miezi saba.
Mwenye nyumba akibisha, yeye huingia kabatini.
Basi. Hayo ndiyo yote, Jumatano hata Jumatano.
Lakini siku moja, kabla ya kuingia, alimenya chungwa.
Alilimenya lote, ganda moja refu lisilokatika,
na kamera ikamngoja,
na mwenye nyumba akangoja mlangoni,
na Mombasa nzima, nadhani, ikangoja,
hata ganda lilipoanguka
ndipo nasi tukaanguka.

"Amenena nini?" sauti ya batini.
"Hakunena! Amemenya chungwa!"
Kimya.
Kisha bati likaanza kutetema
kwa kicheko cha Famau, kilichochelewa,
picha ikapotea,
tukacheka mara ya pili, kizani.

Sasa nina kioo kipana kama meza ya arusi.
Vipindi havingoji. Mtu hajafungua mdomo,
vicheko vya kurekodiwa vishamwagwa.
Huyu amtukania mwenziwe mama,
yule aanguka kusudi,
halafu tangazo la kamari.
Mpwa wangu Twalib hutazama kwa kidole:
sekunde kumi, asukuma, sekunde nane, asukuma,
kama apepetaye pumba akitafuta punje.
Akifurahi, hutoa pumzi puani.
Nikimuuliza, "Amenena nini?"
hunipa simu.

Ya kale ni dhahabu, wanena. Mimi sina hakika.
Nikimuona leo Bwana Hesabu
huenda nikapiga miayo.
Ukuta wa chumba chake uliyumba akifunga mlango,
na mkewe, wiki nyingine, alimuita kwa jina jingine,
wakaacha hivyo hivyo, wakaendelea.

Juzi nilimpigia Famau. Yuko Kisauni,
magoti yamekataa ngazi.
Nikamuuliza akumbuka kipi katika vile vipindi.
"Mimi? Sikuona hata kimoja," asema.
"Nilikuwa natazama mapaa.
Kila paa na mtu wake, ameshika waya.
Yule wa Kibokoni tukipungiana mkono ule mwingine.
Na chini yetu nyinyi, mwacheka,
nyumba hii, kisha ile, kisha ile,
hata mtaa wote umetulia, na jirani mmoja
ndiyo kwanza afahamu."

Akakohoa. Nikadhani amekata.
"Hebu nambie," akasema,
"lile chungwa, alilila?"

Miaka thelathini, na hakuna aliyemwambia.
Nikafumba macho. Naliona ganda.
Mkono sikuuona.
"Ngoja," nikamwambia.

Akangoja.