Maji Yana Mfupa

Saa mbili asubuhi, ukumbi namba saba, Nizwa,
kiyoyozi kinanguruma kama kinadai deni.
Dokta Iftikhar anaandika ubaoni kwa Kiingereza,
mimi nanakili kwa Kiingereza, naelewa kwa Kiswahili,
na nikikosea naomba msamaha kwa Kiarabu.

Ugumu wa maji, anasema, ni kalsiamu na magnesiamu,
mlima unaoyeyuka polepole bila kumwambia mtu.
Nami namkumbuka mama na birika lake,
kila Ijumaa akilikwangua kwa kijiko, kwaru, kwaru,
ukoko mweupe ukidondoka kama ganda la yai:
"Maji ya Wete yalikuwa maji. Haya ya huku yana mfupa."
Mwaka wa thelathini sasa anasema hivyo.
Sikujua kwamba ile ni kemia.

Alasiri, maabara.
Koti langu ni la dada yangu Ghaniya, aliyeacha masomo mwaka wa pili;
lina doa la manjano mfukoni, ndiyo historia yake yote.
Miwani ya kinga imenibana hadi masikio yanawaka.
Bwana Varghese, fundi wa maabara, mtu wa Kerala,
anapita akigusa mabomba ya gesi
kama tabibu anayetafuta mshipa.
"Shwaya, shwaya," anatuambia kwa Kiarabu chake cha kuungaunga.
Bureti haina haraka. Haraka ni yetu.

Chupa yangu ina maji ya falaji.
Niliyachota mwenyewe alfajiri, nyuma ya mitende ya mjomba,
kwa chupa ya sharubati niliyoisuuza mara tatu,
na ya nne kwa wasiwasi.
Kiashiria kinayatia wekundu wa juisi ya choya.

Tone. Natikisa. Tone. Natikisa.
Mara ya kwanza: kumi na nne nukta mbili.
Mara ya pili Zulfa ananisimulia harusi ya binamu yake kule Ibra,
nani alivaa nini, nani hakualikwa,
na mkono wangu wa kushoto, mkono huu mpumbavu,
unafungua koki unywele mmoja kupita kiasi.
Bluu.
Si ile bluu inayokuja ikibisha hodi;
bluu ya mtu aliyekwisha kuingia na kuketi.

Kumi na sita nukta moja.
"Andika kumi na nne nukta tatu, twende tukale,"
Zulfa anasema. "Nani atakwenda kuyahoji maji?"
Nikaandika. Kwa wino, kama inavyotakiwa,
kwa mwandiko mzuri kuliko wa kweli zangu zote.

Usiku, jikoni, ukoko umo kiganjani mwa mama.
Anaupima kwa macho, anaupuliza kwenye beseni.
"Kijiko kizima wiki hii. Ile nyingine kilikuwa nusu."
Hana daftari. Hajaulizwa na mtu.

Kesho yake nikaikata ile namba kwa mstari mmoja ulionyooka
(hatufuti, tunakata, ili kosa lisomeke),
nikaandika juu yake kumi na sita nukta moja,
na tarehe, na jina langu.
Dokta Iftikhar alitazama. Hakunisifu.
Alipunguza alama mbili, akanirudishia daftari,
akauliza tu: "Maji yamebaki?"

Yamebaki, nusu chupa.
Sasa ni saa kumi na moja jioni, wenzetu wameondoka,
Varghese amekaa mlangoni na funguo zake,
anazungumza na mkewe kwenye simu, anacheka kidogo kidogo.
Zulfa amerudi. Hakusema kwa nini.
Ameshika karatasi nyeupe chini ya chupa nipate kuiona rangi.
Kimya; harusi ya Ibra imekwisha.
Kumi na nne kamili.
Kumi na nne nukta moja.
Kwenye ncha ya bureti tone linavimba,
ndani yake mna dirisha, na taa, na mlima uliopinduka,
halijaamua,
nami sijashusha pumzi.