Mavi ya Shaba

Padri alisema moto ule hauzimiki.
Nikamwaza Musonda, mdogo wangu,
aliyeng'oa mabati ya mama, akayanywa,
akafia Katuba bila kutubu.

Nje, mlima mweusi chini ya bomba la moshi:
mavi ya shaba. Tuliambiwa hayana kitu.
Sasa malori yanayarudisha tanuruni,
kumbe kobalti ilikuwa imelala humo
tangu enzi za babu.

Padri, wewe umesomea Kilatini,
mimi nimesomea joto, miaka kumi na tisa.
Hatukuwahi kuwasha tanuru ili liwake tu.
Moto usiotoa kitu ni hasara,
hata Mzungu alilijua hilo.

Basi mwache Musonda achemke.
Nitamngoja mlangoni na koleo.

Ila akitoka, aanze na mabati ya mama.