Bei ya Kikapu Kimoja

Saa tano usiku umeme umerudi Makorora,
nafungua duka langu lisilo na mlango wala kufuli.
Kikapu ni kile kile: mkonge wa Pongwe, mishikio ya ngozi,
kimelala hapa mkekani, hakijui lolote.
Mle ndani ya simu kina bei nne,
kama mwali aliyeposwa na nyumba nne siku moja.

Shemahonge, mtoto wa dada, ndiye aliyenifungulia.
"Mama mdogo, iache mashine igeuze yenyewe."
Nikaiacha.
Shilingi elfu arobaini na tano ikawa
yuro kumi na tano, nukta hamsini na moja.
Hamsini na moja! Hiyo moja nani ataitafuta mfukoni?
Kesho yake ikawa hamsini na nane, keshokutwa arobaini.
Mimi sijaongeza hata ukili.
Vidole vyangu vimelala, bei imekesha.

Akaja mteja wa mbali, jina lake sikuweza kulitamka,
akalipa, akapokea, wiki ya tatu akaandika:
kikapu kinanuka.
Kinanuka, ndiyo. Kinanuka mkonge.
Sheria ya duka nimeiweka mwenyewe: rudisha pesa.
Alipolipa, yuro ilikuwa elfu mbili na mia tisa,
ninamrudishia, imeshafika elfu tatu na hamsini.
Yuro zake kumi na tano na ushei zimerudi kamili,
pengo nimelijaza mimi,
na ada ya kadi haikurudi kwa yeyote.
Kikapu kakaa nacho, maana nauli ya kukirejesha
yashinda kikapu chenyewe.
Nikacheka peke yangu hadi jirani akagonga ukuta.

Nikalitoa kopo la bibi chini ya kitanda.
Heleri moja nyeusi. Rupia mbili.
Senti ya tundu, bado ina uzi
aliomfungia mama shingoni alipokuwa na surua.
Na kipande cha babu, karatasi imekuwa laini kama kitambaa:
alama thelathini ndizo mwezi mmoja shambani,
na mwezi wake, bibi alisema, haukwisha kwa siku thelathini hata mara moja.
Kila aliyeingia mji huu aliingia na sarafu yake,
akasema hii ndiyo pesa, ile ya jana mpeni mtoto achezee.
Leo mimi ndiye nazipanga foleni:
wewe riyali kaa hapa, wewe ya Kenya sogea,
yuro, subiri zamu.
Najiona mkubwa, kisha nakumbuka
kuna watu, si wa Makorora,
wanaoamka asubuhi wakanywa kahawa
na kikapu changu kikashuka bei.

Basi nikaifunga mashine, nikaandika kwa mkono wangu.
Ulaya, yuro ishirini na mbili, kavu, bila nukta.
Maskati, riyali nane.
Mombasa, elfu mbili na mia nne, na najua wataniomba nipunguze,
hiyo mia nne nimeiweka wapate cha kupunguza.
Nikalala saa nane.

Asubuhi hodi. Mwanamvua wa nyumba ya tatu,
bakuli limefunikwa kwa sahani, mvuke watoka pembeni.
"Kile kikapu, shoga. Harusi ya Chumbageni Jumamosi.
Bei gani?"
Nikafungua kinywa, ikatoka "ishirini na mbili."
"Elfu?"
Tukatazamana.
Elfu kumi akanayo. Iliyobaki, mwanawe akilipwa bandarini,
akilipwa.
Nikaishika simu nikatafuta safu ya tano,
ya watu wanaolipa hivi. Haipo.
Nikachukua daftari la mraba la mtoto, nikaandika:
Mwanamvua. Elfu kumi. Mbaazi bakuli moja. Baki, baadaye.

Simu ikalia mkononi: Maskati, riyali nane.
Nikaigeuza kifudifudi.
Mbaazi zilikuwa zingali moto.